Akina Taiwo Walitangulia

Mjini kwetu Igbo-Ora, ukisimama sokoni ukaita "Iya Ibeji!", nusu ya wanawake watageuka, na nusu nyingine watakuuliza unamtaka yupi, maana nao ni mama wa mapacha. Jina hilo kwetu halimtambulishi mtu mpaka liongezewe kitu, iwe kazi au mtaa au kasoro. Kuna Iya Ibeji wa mafuta, Iya Ibeji wa kwa fundi baiskeli, Iya Ibeji mwenye sauti.

Ganiyu Oyerinde aliwapiga picha watoto wa hao wote. Tulimwita Baba Foto, ingawa hakuwa baba wa mtu. Mkewe aliondoka zamani kwenda Abeokuta kuuguza ndugu, akakaa huko moja kwa moja, na Ganiyu hakumfuata wala hakuoa tena. Aliishi chumba cha nyuma ya studio, akila amala ya jirani, ugali wa unga wa viazi vikuu, na mchuzi wa majani ya bamia. Alikuwa mrefu, mabega yake yameinama kwa miaka ya kuinama nyuma ya kamera, na alikuwa na tabia ya kufumba jicho la kushoto hata anapozungumza, kana kwamba kila aliye mbele yake anamtafutia mahali pa kusimama.

Kazi alijifunza kwa mzee Jimoh, enzi za filamu na chumba cha giza. Siku zile pacha mmoja akisafiri, na kwetu pacha hafi, husafiri, mama yake alimleta studio yule aliyebaki. Mzee Jimoh alimpiga picha moja, akaichapa mara mbili kwenye karatasi moja, bega kwa bega, na mama akarudi nyumbani na watoto wawili. Hakuna aliyeita jambo hilo uongo. Ganiyu, kijana wa kukoroga dawa za kusafishia filamu, aliwaona wanawake wakiondoka na karatasi zao zimefunikwa kwa kitambaa, wakitembea polepole kama wanaobeba maji, na hakujiuliza chochote.

Filamu zikaisha madukani, kompyuta zikaja. Ya Ganiyu ilikuwa kuukuu, aliletewa na mpwa wake Kolapo, fundi wa mitambo huko Ibadan. Mashine ilikuwa dhaifu, haikuweza kubeba mapambo, kwa hiyo Kolapo aliiwekea mfumo wa bure, ule unaofungua dirisha jeusi na kukungoja uandike.

"Mjomba, hapa sahau kubofya," Kolapo alimwambia siku ya kwanza. "Hapa ni kuandika. Unataka kuingia kwenye folda, andika c na d, acha nafasi, andika jina la folda. Unaingia."

"Nikikosea?"

"Inakukatalia."

"Nikikosea kidogo tu?"

"Hakuna kidogo. Folda inaitwa Lawuyi kwa herufi kubwa mwanzoni, wewe ukaandika kwa ndogo, itakwambia hakuna kitu kama hicho. Hata kama folda yenyewe iko mbele ya pua yako."

Ganiyu akacheka. "Mashine hii ina roho ya mama mkwe."

"Utaizoea."

"Subiri. Kwa hiyo naweza kuwa na Lawuyi mbili? Moja ya kubwa, moja ya ndogo, jina lile lile?"

"Unaweza. Kwake hao ni watu wawili, hawajuani."

Ganiyu akafumba jicho la kushoto, akaitazama ile mashine kwa heshima. "Basi hii imezaliwa Igbo-Ora," akasema.

Kuanzia siku hiyo aliwapanga watoto wa mji kwa utaratibu wake mwenyewe. Kwetu anayetoka kwanza tumboni ni Taiwo. Ametumwa na mwenzake aende akaionje dunia. Akilia, yule wa nyuma anajua pana mahali pa kufikia, naye anakuja. Anayekuja nyuma ni Kehinde, na yeye ndiye mkubwa, kwa sababu mkubwa hutuma na mdogo hutumwa. Basi Ganiyu akachukua jina la baba wa kila nyumba, akaliandika kwa herufi kubwa mwanzoni kwa ajili ya Kehinde, na kwa herufi ndogo kwa ajili ya Taiwo. Ndani ya folda alizipa picha namba tu. Picha ya mwaka wa kwanza iliitwa moja, ya mwaka wa pili mbili. Aliwapiga mmoja mmoja, kwa kuwa watoto wawili hawatulii kwenye benchi moja, kisha akawaunganisha kwenye karatasi wakati wa kuchapa tu, bila kuhifadhi.

Miaka ikapita hivyo. Mwanamke alikuja na watoto wanaofanana kama punje mbili za mahindi, na mashine ikawatenganisha bila kukosea. Ganiyu alipenda hilo kuliko alivyowahi kukiri. Jioni tukipita tulimwona mbele ya dirisha lake jeusi akiandika, akiingia kwa mtoto mmoja na kutoka, akiingia kwa mwenzake na kutoka, kama mtu anayehakikisha wamefunikwa vizuri.

Kolapo alihamia Kanada. Mashine nayo ikaanza kuchemka. Ilizima katikati ya kazi, ikawaka inapotaka, na diski yake ikatoa mlio wa kukwaruza. Kiangazi kilipoingia, na vumbi jeupe kutoka jangwani likaufunika mji, Ganiyu akaona asisubiri zaidi. Alinunua diski ya nje, mpya, ndani ya boksi lake, akaichomeka, akakaa kuwahamisha watoto.

Angeweza kuwahamisha wote kwa amri moja. Hakutaka. Aliogopa mashine isije ikazima katikati. Pia aliona si adabu kuwasomba watoto wa watu kama mchanga. Akaandika nyumba moja moja. Akawatanguliza akina Taiwo, wote wa mji mzima, kwa kuwa ndivyo walivyokuja duniani, wakatangulia kuona kama huko kunafaa. Walipofika wote, akaanza kuwaleta akina Kehinde nyuma yao.

Mashine haikumuuliza kitu. Kila amri ilipokelewa kimya.

Alipomaliza alijaribu. Akaingia kwenye diski mpya, akaandika jina la nyumba kwa herufi kubwa, akaingia. Akaandika kwa ndogo, akaingia. Alifungua folda mbili tatu, akaona nyuso za watoto, akaridhika. Fundi mmoja wa Ibadan aliyekuwa akitafuta vipuri alipopita, Ganiyu, ambaye sasa alikuwa amepata kompyuta nyingine, akampa mashine ya zamani yote, na waya zake, na shukrani.

Haikupita muda mrefu, homa ya kukaza shingo ikaingia mitaa ya chini.

Sifawu, mke wa Lawuyi, alikuwa akiuza unga wa viazi vikuu. Wenzake walimwita Iya Ibeji wa unga, na walimtania kwamba mapacha wake walizaliwa weupe kwa vumbi la kinu. Walikuwa wavulana wa miaka saba. Taiwo aliamka analalamika kichwa, jioni hakumtambua mama yake, na kabla gari la kuwapeleka hospitali ya mjini halijapata mafuta, alikuwa ameshasafiri.

Shangazi wa mume ndiye aliyesimamia mambo. Alikuwa mwanamke wa sheria za zamani, na aliogopa jambo moja, kwamba aliyetangulia asije akamwita mwenzake tena, safari hii kwa kurudi kule walikotoka. Akakusanya shati za Taiwo, viatu vyake, daftari la shule, na picha zote za ukutani, zile zilizounganishwa mbili mbili, akazichoma nyuma ya nyumba. Sifawu alikuwa amelala chini na hakuwa na nguvu ya kumzuia. Alipoinuka, kuta zilikuwa na mistatili safi mahali picha zilipokuwa zimening'inia. Simu yake ilikuwa ya tochi, haina picha.

Alikaa nyumbani wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja akaja studio, bila unga, na kanga yake imefungwa vibaya.

"Baba Foto, habari za asubuhi."

"Nzuri, Iya Ibeji. Pole. Pole sana mama. Nilikuja siku ile, watu walikuwa wengi."

"Nilikuona." Akakaa kwenye benchi la wateja. "Nimeanza kumsahau," akasema.

Ganiyu akaweka chini kitambaa cha kufutia lenzi.

"Sikudanganyi. Jana nilikuwa nachekecha unga, nikataka kumwona, akaja Kehinde. Nikamwondoa, nikamwita tena, akaja Kehinde. Wanafanana mno. Aliye hai ndiye anayepita mbele. Nitolee picha ya Taiwo, moja tu, hata ndogo. Nitaificha kwenye debe la unga, shangazi asione."

"Hilo tu?" Ganiyu akasema, na wote walioisikia sauti yake siku hiyo wanasema ilikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyeombwa kitu alicho nacho. "Mama, ninaye. Ninaye miaka yote saba. Keti hapo hapo."

Akawasha kompyuta. Akaingia kwenye diski. Akaandika cd, akaacha nafasi, akaandika lawuyi kwa herufi ndogo, taratibu, kama anavyobisha hodi mtu mwenye heshima. Folda ikafunguka. Akafungua picha ya saba.

Mtoto alikuwa anatazama kamera moja kwa moja, kidevu juu.

Ganiyu akafungua ya sita. Kidevu juu. Ya tano, ya nne. Wote walimtazama usoni. Akatoka, akaandika jina kwa herufi kubwa, akaingia, akafungua picha ya saba. Ilikuwa ile ile, na nyuma yake bango lile lile la maua, na mkunjo ule ule kwenye bango.

"Umempata?" Sifawu akauliza kutoka kwenye benchi.

Hapo Ganiyu alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Badala yake akaigeuza kompyuta imwelekee Sifawu.

"Huyu hapa," akasema.

Sifawu akainuka, akasogea, akainama. Pumzi yake ikawa inagonga kioo.

"Huyu ni Kehinde."

"Mama, wanafanana..."

"Baba Foto, mimi ndiye nimewazaa. Taiwo hakuwahi kuitazama kamera yako hata siku moja. Alikuwa anatazama mkono wako, ule unaoinua, anadhani ndio utatoa kitu. Kila mwaka ulimwambia 'tazama hapa', kila mwaka alitazama mkono. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi nitolee anayetazama mkono."

Ganiyu akaketi. Akamwambia kwamba folda imefunguka lakini mtoto hayumo, kwamba hajui amekwenda wapi, kwamba ampe mpaka Alhamisi. Sifawu alimtazama kama mtu anayetazama daraja ambalo mto umelibeba.

"Hayumo vipi? Ulimweka wapi?"

"Niliwaweka wote wawili. Naapa niliwaweka."

"Alhamisi," akasema, akatoka.

Kolapo alipokea simu Kanada akiwa bado na usingizi.

"Mjomba, shikamoo. Kuna msiba?"

Ganiyu akamweleza. Kule upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayeinuka na kukaa kitandani.

"Hiyo diski uliifanya nini kabla ya kuitumia?"

"Niliitoa kwenye boksi nikaichomeka."

"Ah, mjomba." Akavuta pumzi. "Hizo diski zinatoka kiwandani zimepangwa kwa ajili ya zile kompyuta za kila mtu. Hazioni tofauti ya kubwa na ndogo. Kwake Lawuyi ni Lawuyi, uandike unavyotaka."

"Lakini niliingia kote kuwili. Nilijaribu! Kwa ndogo niliingia, kwa kubwa niliingia."

"Uliingia kwa sababu ni mlango mmoja. Ile ya zamani ingekukatalia, ungejua. Hii ilikukubalia." Swichi ya taa ikalia. "Na picha ndani zilikuwa na majina gani?"

"Moja, mbili, tatu."

"Zote?"

"Za wote."

"Basi za pili zilikalia za kwanza, zikazifuta. Ulianza na akina nani?"

Kolapo alizaliwa mji huu, hakuhitaji kujibiwa.

"Mjomba, mashine ya zamani iko wapi? Usiiwashe, usiiguse. Kama ipo, watu wapo wa kuzitoa picha. Iko wapi?"

Siku ya pili Ganiyu alikwenda Ibadan. Fundi wa vipuri alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akacheka aliposikia anatafuta nini.

"Baba, ile diski? Ile ilikuwa inakohoa kama jogoo mwenye mafua. Niliipasua siku ile ile. Zina sumaku nzuri ndani, vijana wa spika wanazitaka."

"Na vilivyobaki?"

Fundi akaonyesha ukutani. Sahani ya diski ilikuwa imepigiliwa msumari juu ya beseni, inang'aa, na kuzunguka msumari palikuwa na mikwaruzo.

"Nanyolea ndevu hapo. Kioo kizuri kuliko vya dukani. Chukua, Baba, ninazo nyingine."

Ganiyu akaitoa kwenye msumari, akaifunga kwenye leso.

Alhamisi Sifawu alikuja, na Ganiyu akamweleza yote, bila kuruka kitu, kuanzia herufi kubwa na ndogo mpaka beseni la kunyolea. Akaikunjua leso. Sifawu akaichukua ile sahani kwa vidole viwili.

"Yumo humu?"

"Alikuwemo. Labda yumo bado. Hakuna wa kumtoa."

Akaigeuza. Ndani yake aliona jicho lake mwenyewe na kipande cha dari. Akaipulizia, akaifuta kwa pembe ya kanga, akatazama tena.

"Kwa hiyo Kehinde amemkalia mwenzake."

"Si Kehinde. Ni mimi."

"Najua ni wewe," Sifawu akasema. "Nasema tu jinsi lilivyo."

Hapo ndipo Ganiyu alipomkumbuka mzee Jimoh, na akaona kama mlango. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba zamani mama walikuwa wakiletewa faraja hivi na hivi. Kwamba Kehinde yupo, na ni uso ule ule. Kwamba akikaa kwenye benchi na kutazama mkono badala ya kamera, basi...

Sifawu akaifunga tena ile sahani ndani ya leso. Nje wasichana wawili wa muuza akara, zile bajia za kunde, walikuwa wanagombana ni zamu ya nani kubeba beseni.

"Nitamleta kesho akitoka shule," akasema.

Kehinde alikuja amevaa shati lake la Ijumaa, kwa sababu la Taiwo lilikuwa majivu. Mtoto alikuwa amekonda. Alipanda kwenye benchi bila kuambiwa, akakaa upande wa kulia, ule aliokalishwa kila mwaka ili picha ziungane, kisha akamtazama mama yake, akajisogeza kushoto.

"Umefahamu tunataka nini, mwanangu?" Ganiyu akauliza.

"Mama amesema nikae kama Taiwo."

"Unaweza?"

"Naweza. Nilikuwa namwigiza akiwepo. Alikuwa anakasirika." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nikiwa Taiwo, Kehinde atakuwa wapi?"

"Utakuwa Kehinde tu," mama yake akasema. "Ni kwa dakika moja."

Ganiyu akashika kamera kwa mkono wa kulia, akainua wa kushoto. Mtoto akalegeza mabega. Kidevu kikashuka. Mdomo ukafunguka kidogo, na macho yakaondoka kwenye kamera, yakapanda juu kwenye ule mkono, yakakaa hapo, yakiamini kabisa kwamba kitu kitatoka. Kamera ikalia.

Wakaiangalia kwenye kioo cha kamera. Alikuwa yeye. Hata Ganiyu, ambaye alimwona Taiwo miaka saba kupitia tundu la kamera, alijikuta anataka kusema 'tazama hapa'. Sifawu aliziba mdomo. Alikuwa analia, na uso wake ulikuwa unafunguka kama wa mtu aliyelishwa baada ya njaa, na Ganiyu akafikiri, namshukuru Mungu, nimelipa.

"Ifute," Sifawu akasema.

"Mama?"

"Ifute, Baba Foto. Sasa hivi, kabla sijaizoea."

"Lakini ndiye. Umeona mwenyewe ndiye."

"Ndiyo maana. Yule wangu bado ana vipande. Nina sauti yake akiomba maji. Nina kisigino chake. Nikienda nyumbani na hii, kila nikimtafuta atakuja huyu, na huyu atavikalia vile vipande vyote, na mimi sitajua. Kama diski yako isivyojua." Akamshusha Kehinde kwenye benchi, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. "Na huyu nimemwambia awe maiti. Mtoto wangu niliyebaki naye, nimemwambia awe maiti."

Alilitamka neno lenyewe, neno ambalo hatulisemi juu ya pacha. Ganiyu akaifuta picha.

Sifawu alikuwa tayari mlangoni aliposimama.

"Ni wangu peke yake?"

Ganiyu alilijua swali hilo lingefika. Alikuwa amefungua folda zote usiku na mchana tangu arudi kutoka Ibadan, akiingia kwa herufi ndogo nyumba hata nyumba, na kila nyumba alimkuta Kehinde.

"Wote," akasema. "Kila Taiwo wa mji huu."

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Kuna wengine waliosafiri. Si wangu tu."

"Najua."

"Mama zao wanalala wakidhani unao." Akamtazama mpaka Ganiyu akafungua jicho lake la kushoto. "Waambie. Leo. Wenye Taiwo hai wawalete uwapige, kabla homa haijafika kwao. Na wale wengine, wasije hapa kama nilivyokuja mimi, na furaha yangu. Uwafuate wewe."

"Wataniua."

"Nitakwenda na wewe. Sitakutetea, lakini nitakuwepo."

Ganiyu alikwenda sokoni na kamera shingoni, Sifawu pembeni, na ilikuwa kama alivyotazamia. Iya Ibeji wa mafuta alidhani ni mzaha.

"Taiwo wangu si huyu hapa anakula akara yangu bila kuniomba? Amepotea wapi? We Taiwo, umepotea?"

"Picha zake, mama. Za tangu azaliwe."

"Za ubatizo?"

"Zote."

Kicheko kikaisha. Iya Ibeji mwenye sauti akaitumia sauti yake. Akauliza ni mwanaume gani mwenye akili anayemtofautisha mtoto wa mtu kwa ukubwa wa herufi, akauliza kama wino ulikuwa ghali, akauliza kwa nini isingeandikwa Taiwo na Kehinde kama Mungu alivyowaita. Ganiyu alikuwa na jibu zamani, na lilikuwa zuri, lakini pale sokoni halikusemeka. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea pilipili. Mwingine, mke wa mchungaji, akamvuta Taiwo wake kwa sikio akamsimamisha mbele ya kamera, akasema kwa hasira, "Piga! Mpige huyu sasa, uandike jina lake lote, na la babu yake!" Ganiyu, macho yanawaka kwa pilipili, akapiga. Wakaja wengine, wakisukumana, wakimtukana huku wakiwatengeneza watoto kola. Akawapiga wote. Akina Kehinde walisimama pembeni, wameshangaa, hakuna aliyewaita.

Jioni zikabaki nyumba za wale wengine. Walianza na ya karibu, kwa fundi baiskeli.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa mzee, na mapacha wake walikuwa wanawake wazima. Taiwo alisafiri miaka minne nyuma, wakati wa mvua, akijifungua. Mama alikuwa amekaa kizingitini anamenya mbegu za tikiti, sinia mapajani, na alipomwona Ganiyu na kamera yake uso ukamchangamka.

"Baba Foto! Watu wakitajwa huja. Nilikuwa nangoja vumbi litulie nije kwako. Nataka ile ya binti yangu ya siku ya kumaliza shule, uichape kubwa, mtoto wake amwone. Anaanza kuuliza. Karibuni, karibuni. Na huyu ni nani?"

"Iya Ibeji wa unga, mama," Sifawu akasema. "Wa kwa Lawuyi."

"Aa. Pole mwanangu. Nilisikia. Pole."

Ganiyu akafungua mdomo. Sifawu akaketi chini kando ya mama yule, kwenye udongo, bila kungoja mkeka.

"Mama, Baba Foto ana neno," akasema. "Mimi ameshaniambia."

Naye akalisema, amesimama, shati limekauka na pilipili mgongoni. Alilisema fupi. Mikono ya mama yule iliendelea kumenya mpaka katikati ya maneno, kisha ikatulia.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Hata ile ya shule?"

"Hata ile."

Mama akatazama barabarani, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akalisogeza sinia mpaka katikati yake na Sifawu, Sifawu akatia mkono, na wote wawili wakawa wanamenya, maganda yakianguka kwenye udongo. Ganiyu alibaki amesimama na kamera yake shingoni. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia aende.